Thuraya, Suraya au Sulaya?

Ndugu msomaji, juma hili nina tatizo ambalo redioni sikuwa nalo. Waliosikiliza mazungumzo haya walinisikia nikilitamka jina moja la msichana kwa njia tano mbalimbali, na baadhi yao wamenieleza kwamba walicheka sana. Gazetini siwezi kutamka. Itanibidi niandike, na kuandika ndiko hasa kulikotuletea balaa ninalotaka kulisimulia.

Jina lenyewe ni la mpwa wangu, binti wa dada yangu, aliyezaliwa Mikindani. Babu yake mzaa baba, mzee aliyefundisha chuo cha Kurani kwa miaka mingi, alimpa jina la Thuraya. Si jina la kawaida katika pwani yetu ya kusini. Ukisimama sokoni Mtwara ukaita “Halima!” watageuka wanawake kumi, na wa kumi na moja atakuuliza unamtaka Halima yupi. Ukiita “Thuraya!” pengine hatageuka mtu. Wengi wetu jina hilo tumelijua kwanza kwa ajili ya zile simu kubwa za setilaiti za kampuni ya Kiarabu iliyoanzishwa mwaka 1997, simu walizokuwa wakibeba watu wa majahazi na wa porini mahali pasipo na mnara.

Jina lisilozoeleka halina njia iliyokanyagwa. Kila anayelipokea hulipitisha kwa ulimi alionao. Upande wa baba, watu wa Mikindani wenye mazoea ya kisomo, walimwita Thureya. Majirani walimwita Suraya. Watoto wa mtaani, ambao hawakosi la kusema, wakalikata vipande viwili: “Sura ya nani?” Na mama yangu mzazi, ambaye ni Mmakonde wa Newala na ndiye aliyemlea mtoto huyo mgongoni, alimwita Sulaya tangu siku ya kwanza, na hajaacha.

Nami, ndugu msomaji, nilifanya jambo ambalo sasa nalionea haya. Kazi yangu ni sauti. Nimefundishwa kutamka “thelathini” na “dhahabu” inavyotakiwa, na kila nilipokwenda likizo nilimkosoa mama mbele ya watu. “Mama, si Sulaya, ni Thu-ra-ya. Weka ncha ya ulimi kati ya meno.” Siku moja mama, ambaye meno yake ya mbele yalikwisha kuaga, alinitazama kwa utulivu akasema, “Meno yapi hayo, mwanangu?”

Tukacheka, yakaisha. Kumbe hayakuisha, yalikuwa yakiandikwa.

Mtoto alipopelekwa kliniki mara ya kwanza alipelekwa na bibi. Muuguzi, ambaye alikuwa mgeni katika mkoa, akauliza jina. Bibi akajibu, “Sulaya.” Muuguzi alikwisha kusikia kwamba watu wa huku hugeuza r kuwa l, basi kwa nia njema kabisa akairudisha r mahali pake, akaandika Suraya. Alichokosa kujua ni kwamba mwanzoni mwa jina palikuwa na th. Alisahihisha nusu, na jina lililosahihishwa nusu huwa ni jina jipya. Shuleni mwalimu hakusahihisha chochote, aliandika alivyosikia kwa bibi: Sulaya. Jina hilo likaingia katika mtihani wa darasa la saba, likaenda naye sekondari, likachapwa katika cheti cha kidato cha nne. Baadaye baba yake alipofuatilia cheti cha kuzaliwa, alikwenda na karatasi iliyoandikwa kwa mkono wa yule mzee wa chuo, kwa hiyo cheti cha kuzaliwa kikasema Thuraya.

Kwa miaka mingi karatasi hizo tatu zilikaa katika mfuko mmoja wa plastiki chini ya godoro, wala hazikugombana. Ziligombana siku binti alipopata nafasi ya kusomea uuguzi katika chuo kimoja. Karani wa usajili alizipanga mezani, akazitazama, akasema, “Dada, hapa mimi naona watu watatu. Wewe ni yupi?” Akapewa siku saba alete uthibitisho, la sivyo nafasi apewe mwingine.

Usiku ule alinipigia simu. “Shikamoo, mjomba.” “Marahaba, mwanangu.” Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, “Mjomba, mimi ni nani?” Nilidhani anatania. Alikuwa analia.

Tangu siku ile nimelifuatilia jina hilo kama mtu anayefuatilia deni, na niliyoyakuta yamenipunguzia kiburi.

Thuraya ni neno la Kiarabu, nalo huanza kwa ile herufi ambayo sisi tumeiandika th, kama katika “thamani” na “thelathini”. Sauti hii lugha nyingi za Kibantu za bara hazina. Asiye nayo hutafuta iliyo jirani, na jirani wa karibu ni s. Ndiyo maana sokoni utasikia “selasini”, na ndiyo maana mtu akikuambia kitu chake kina “samani” kubwa huna budi kuuliza kama anasema bei au anasema viti na kabati. Walimu wetu walituchapa kwa hilo. Lakini hebu tutazame nje kidogo. Waajemi wanaiandika herufi ile ile ya Kiarabu, na wanaisoma s. Mke wa Shah wa Iran tangu mwaka 1951 hadi 1958 aliitwa Soraya. Malkia wa Afghanistan, ambaye mumewe aliachia kiti cha ufalme mwaka 1929, naye aliitwa Soraya. Waturuki husema Süreyya. Hata Mmisri wa Cairo, ambaye Kiarabu ni lugha ya mama yake, katika mazungumzo ya kila siku husema Suraya. Hakuna aliyewaambia malkia wale wawili waweke ulimi kati ya meno.

Kwa hiyo yule jirani wa Mikindani aliyesema “Suraya” alikuwa katika msafara mrefu wenye watu wazito, ingawa mwenyewe hakujua.

Tuje kwenye l. Katika Kimakonde, Kiyao na Kimwera, r na l si sauti mbili za kutenganisha neno na neno. Mtu aliyekulia katika lugha hizo hasikii tofauti, kama vile wewe na mimi hatusikii tofauti ndogo ambazo Mwarabu huzisikia. Nitaeleza, maana hapa ndipo penye uchungu wa jambo hili. Sisi tunaojiona watamkaji bora tunasema “fedha”, “dhambi” na “adhuhuri” kwa dh moja tu, na tunajisifu kwamba hatusemi “feza” wala “zambi”. Lakini katika Kiarabu maneno hayo matatu yana herufi tatu mbalimbali, na kila moja ina mahali pake kinywani. Radhia ana herufi yake, Nadhifa ana yake, na mtu anayeleta dhikiri analeta ya tatu. Sisi tumezisaga zote zikawa dh moja. Mama yangu amezisaga r na l. Tofauti yetu ni kwamba usagaji wetu umeandikwa katika kamusi na wake haukuandikwa.

Usagaji wetu uliandikwa kwa sababu za kihistoria. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa ulikubali kwamba lahaja ya Unguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki iliyosimamia maandishi ya vitabu. Th, dh na gh zikabaki katika tahajia. Uamuzi huo mimi siupingi, maana bila kanuni moja tusingekuwa na magazeti wala vitabu vya shule. Lakini kanuni ya kuandika vitabu ni jambo moja, na kumwambia mama mzazi kwamba hajui jina la mjukuu wake ni jambo lingine.

Wamakua nao wana habari yao, na sipendi niwaruke. Lugha yao, inayosemwa Masasi na kwa mapana zaidi ng'ambo ya Msumbiji, haina b, d wala g za kwetu, kwa hiyo Mmakua mkongwe akimwita Bakari huenda ukasikia Pakari. R wanayo. Na katika maandishi ya Kimakua yanayotumika Msumbiji, th si ile ya “thelathini” hata kidogo, ni t inayotoka na pumzi. Kwa hiyo mpe Mmakua aliyesoma katika maandishi yake hilo jina “Thuraya” limeandikwa sawasawa kabisa kama alivyotaka mzee wa chuo, naye atalisoma kwa t yenye pumzi, na atakuwa amefuata kanuni yake bila kosa. Hapo ndipo nilipogundua kwamba hata kuandika vizuri hakutoshi, maana msomaji naye ana kinywa chake.

Wasikilizaji wangu wa Mtwara hawatashangaa nikisema kwamba mto wetu wenyewe umekwisha kupatwa na hayo. Sisi tunauita Ruvuma. Wareno waliuandika Rovuma, na ndivyo uandikwavyo Msumbiji hadi leo. Livingstone, aliyeanzia Mikindani safari yake ya mwisho mwaka 1866, naye aliandika Rovuma. Kusini ya mdomo wa mto kuna Kionga, ambayo Wajerumani waliichukua mwaka 1894, Wareno wakaitwaa mwaka 1916 katikati ya vita, na mwaka 1919 ikathibitishwa kuwa yao. Katika ramani ya Kireno inaandikwa Quionga. Mvuvi wa Msimbati akitaka kwenda huko hatazami ramani yoyote, anatazama maji yanapwa au yanajaa. Hata lugha ya Wamakonde ina majina mawili: huku ni Chimakonde, kule Mueda ni Shimakonde.

Majina ya watu yanavuka mto kwa mtindo huo huo. Kireno huandika h lakini hakiitamki, kwa hiyo Hassani wa Kilambo akifika upande wa pili hukuta wajina wake wanaandikwa Assane, na Halima hukuta akina Alima. Mohamedi wa kwetu ni Momade, Ahmadi ni Amade, Yusufu ni Issufo, Selemani ni Selemane, Shabani ni Chabane. Ni ukoo mmoja, dua moja, sahani moja ya wali, lakini karatasi haziwajui kuwa ni ndugu. Wakati wa amani hilo ni jambo la kuchekesha. Wakati wa shida si la kuchekesha. Machi 2021 mji wa Palma uliposhambuliwa na watu wakakimbia kila upande, wengine wakiuelekea mto Ruvuma, mtu wa upande wetu aliyetaka kujua habari za ndugu yake angepitia orodha ya majina kutoka juu hadi chini akitafuta Yusufu, asimwone, kumbe Issufo yumo. Mpwa wangu naye angezaliwa upande wa pili wa mto, bila shaka karani angemwandika Soraia, kama Wareno na Wabrazili wanavyoliandika jina hilo, na tungekuwa na karatasi ya nne.

Siku ya sita kati ya zile saba, shemeji yangu alikula kiapo mbele ya wakili kwamba Thuraya, Suraya na Sulaya ni mtu mmoja, naye ni binti yake wa kumzaa. Muhuri ukagongwa, karatasi ikapelekwa, karani akaipokea bila neno. Nilimwuliza binti angependa aandikwe vipi tangu sasa. Akafikiri. “Kwenye karatasi niandikwe Thuraya, mjomba, alivyotaka babu. Ila mtu asimwambie tena bibi kwamba anakosea.” Hakunitaja jina, lakini alijua anamwambia nani.

Hapa wazazi wenye watoto wachanga wanisikilize. Siku hizi cheti cha kuzaliwa cha mtoto aliye chini ya miaka mitano hutolewa bila malipo, katika vituo vya tiba na katika ofisi za kata, na mara nyingi jina linaandikwa pale pale kwa mkono, mbele yako. Usilitamke tu ukaondoka. Litaje herufi kwa herufi, au nenda nalo limeandikwa katika kikaratasi, kisha lisome kabla hujatoka mlangoni. Kama huwezi kusoma, mwombe kijana asome kwa sauti. Na wewe unayeshika kalamu, usisahihishe jina la mtu kwa kukisia. Yule muuguzi alikuwa mwerevu na mwenye huruma, na bado werevu wake ulimgharimu binti yule siku sita za machozi. Swali moja tu, “Mnaliandikaje?”, lingetosha, na kama bibi hajui kuandika, asubiriwe anayejua. Safari ya pili ya kliniki haiko mbali.

Wapo watakaosema dawa ni kuacha majina ya namna hii, tuwape watoto majina ambayo kila ulimi unayaweza. Nimesikia hoja hiyo tangu utoto, na haina nguvu. Hata Mwanahawa ana watu wanaomwita Mwanawa. Hata Rehema, jina la nyumba kwa nyumba, ni Lehema kwa nusu ya mkoa wetu, na wanaoandika hukisia vizuri kwa sababu tu wamekwisha kumwona mahali pengine. Jina geni linateseka zaidi kwa kuwa halina wa kulidhamini, basi.

Jambo lililonigusa kuliko yote lilitokea Desemba, nilipokwenda Mikindani baada ya mambo kutulia. Tulikuwa tumekaa barazani baada ya swala ya isha, umeme umekatika, mji umetulia. Nikaanza kumsimulia mama safari yangu yote ya herufi, akina Soraya wa Iran na Wamakua na pumzi yao. Alinisikiliza kwa adabu, kama mtu anavyomsikiliza mgeni. Kisha akauliza swali ambalo katika miaka yote hiyo hakuna kati yetu aliyelijibu, kwa kuwa hakuna aliyefikiri kwamba bibi anahitaji kulijua. “Sasa hilo jina maana yake nini?”

Nikamwambia kwamba ni jina la nyota. Si nyota moja, ni fungu la nyota ndogo zilizosongamana, mwenye macho mazuri huziona sita au saba. Kwa Kiarabu jina limetokana na neno la wingi na neema. Kwa Kiswahili nyota hizo ni kilimia.

“Kilimia?” Mama aliweka kikombe chini. “Kilimia hiki?” Na bila hata kutafuta alinyoosha mkono kaskazini mashariki, juu ya minazi, na kweli kilikuwa pale, kama vumbi lililoshikana.

Ndugu msomaji, mama yangu amelima Newala miaka arobaini. Jina kilimia limetokana na kulima, na watu wa Kibantu walikuwa wakizitazama nyota hizo ili wajue majira, huku kwetu na hata kusini kabisa, ambako Waxhosa huziita isiLimela. Wapwani wana msemo wa zamani: kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Mama aliujua msemo huo kabla sijazaliwa. Alinieleza kwamba kikianza kuonekana mashariki mapema jioni, mtu awe amekwisha kuchoma visiki na jembe limetiwa mpini, kwa kuwa mvua haiko mbali; na kikipotea magharibi mwezi wa tano mvua zinaaga, na utakiona tena alfajiri za baridi wakati wa kusi. Alieleza yote hayo kwa sauti ya mtu anayemweleza mtoto wa mjini. Nami nilikuwa nimekaa miaka kumi na minane nikimfundisha jinsi ya kuweka ulimi.

“Mlimpa mtoto jina la kilimia,” alisema, “na hamkuniambia. Mnanisumbua na th.”

Binti alikuwa ndani akikunja nguo za safari ya chuoni. Mama akageuza uso mlangoni, akaita kwa nguvu, na neno lilitoka safi, halina th, halina r, hakuna aliyeweza kulikosoa:

“We Kilimia!”

Ndani kukawa kimya. Kisha sauti ikajibu, yenye mashaka kidogo, “Abee, bibi?”

“Njoo nje ujitazame.”

Siku hizi ana jina la nne, na halimo katika karatasi yoyote.